Nyumba za Kukunja

Mtoto wangu aliwahi kuitwa paka mbele ya macho yangu, na mimi sikusema kitu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mkono mmoja juu ya gunia, na nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, afisa, ni paka. Naandika haya kwa sababu hasira bado haijaisha, na sijui vizuri nimpe nani.

Tunakaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja kuukuu hapa Eldoret, upande wa reli. Zamani lilikuwa ghala la ngozi na pareto. Mvua ikinyesha, na hapa mvua haina adabu, mbao za sakafu zinatoa ile harufu ya ngozi mpaka mgeni anakuuliza kama kuna kitu kimekufa. Nje, juu ya dirisha kubwa, bado kuna winchi ya kupandishia mizigo, imeshika kutu. Chini ni maduka. Ghorofa ya kwanza ina vyumba vya mawe, vilijengwa viwe ofisi na baadaye watu wakahamia. Sisi wa juu hatukujengewa kitu. Tulipewa ukumbi mmoja mrefu wenye nguzo za chuma, tukaambiwa kila mtu ajipange kati ya nguzo na nguzo. Familia kumi na moja.

Mama yangu alijipanga kati ya nguzo ya tano na ya sita nikiwa na miaka mitatu. Hapo nililelewa, hapo nilisomea mpaka nikamaliza Form Four, hapo yeye alilala siku zake za mwisho, na hapo ndipo nilipomleta mtoto wangu kutoka hospitali. Mama hakuniachia shamba. Kwao Cheptiret kaka zake walishagawana kila kitu kabla hata hajazikwa. Aliniachia hatua tisa kwa sita, jiko la makaa, na nusu ya dirisha. Nusu ya pili ni ya jirani yangu, mama anayeuza mandazi.

Sasa mtu aelewe jambo moja. Ghorofa yetu ilikuwa na ruhusa ya kuweka mizigo, si watu. Mwenye jengo alijua. Alipokea kodi kila mwezi, na alikuwa mtu mpole, hata Krismasi alituletea unga. Lakini alisema wazi, "Kaeni tu. Ila watu wa kaunti wakija kukagua, mimi siwajui nyinyi."

Basi tukajifunza kukunja.

Kutoka uani mpaka kwetu juu kuna paipu ya chuma ambayo haijabeba maji tangu nipate akili. Aliye chini kwenye bomba akimwona afisa, anaigonga mara tatu kwa jiwe. Huku juu kila mtu anaacha alichoshika. Kuta zetu zilikuwa fremu za mbao zilizopigiliwa plaiwudi, zimetiwa bawaba kwenye nguzo kama milango. Unachomoa komeo, unasukuma, ukuta unalala ubavuni mwa ule ukuta wa mawe wa nje. Vitanda vinakunjwa. Magodoro yanaviringishwa na kusukumwa nyuma ya magunia. Magunia yenyewe yalikuwa ya uongo: ndani ni maranda ya mbao na magunzi, juu tu tunamwagia mahindi kidogo, afisa akitia mkono apate punje. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Yangu nikiwa mdogo ilikuwa thamosi, sufuria, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, cha mama mmoja wa nguzo ya nane. Kwa dakika nne hivi familia kumi na moja zilikuwa zimepotea, na wanaume wawili wamevaa makoti ya kazi wanajifanya wanapanga mizigo.

Nilijivunia. Watoto wengine shuleni walijua kuimba na kukimbia. Mimi nilijua kufanya nyumba iishe.

Mwenye jengo alipozeeka, binti yake alirudi kutoka ng'ambo ili auze. Wanunuzi walikuwako, watu wa kubomoa na kujenga hoteli. Lakini huyo binti alicheza kwenye ngazi hizi akiwa mtoto, na akasema neno ambalo hatukuwa tumelisikia kwa mtu yeyote: aliyekaa hapa zaidi ya miaka kumi auziwe pale pale alipo. Kila nyumba iwe na hati yake, hata kama iko juu ya nyumba ya mtu mwingine. Ngazi, paa na ua viwe vya wote. Wakili wake alitueleza polepole kama mtu anayelisha mtoto uji. Tukaunda chama. Mzee wetu wa nguzo ya kwanza, fundi wa nguo, akawa mwenyekiti. Tukalipa kidogo kidogo miaka mitatu. Mimi mikono yangu inajua kila shuka la mtaa wa Elgon View, kwa maana nilifua huko mpaka wiki niliyojifungua.

Ikabaki plani. Mpima ardhi angekuja achore kila nyumba, na wakili alirudia mara mbili: kilichochorwa ndicho kitakachouzwa. Kisichochorwa hakipo. Binti mwenyewe alikuwa anarudi ng'ambo mwisho wa mwezi, kwa hivyo sahihi yake ilitakiwa kabla hajapanda ndege.

"Mpima anakuja Alhamisi," mzee akatutangazia. Tukapiga deki. Mama wa mandazi akanunua pazia jipya la maua.

Mpima akaja Jumanne.

Nilikuwa uani kwenye bomba nafua nepi. Mtoto, miezi minane, nilikuwa nimemwacha juu amelala kwenye beseni, mama wa mandazi akimwangalia. Nikaona mwanamume ameingia langoni. Reflekta ya manjano kama za watu wa kaunti, helmeti nyeupe, ubao wa kuandikia kwapani. Akasimama katikati ya ua, akatazama juu, akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole.

Watu wananiuliza mpaka leo, kwani hukufikiri? Hapana, sikufikiri. Niliokota jiwe nikagonga paipu mara tatu.

Halafu nikapanda mbio kwa ngazi ya nyuma, povu mpaka viwiko. Nilipofika, ukumbi ulikuwa tayari ni ghala. Pazia la maua halionekani. Cherehani ya mzee iko chini ya gunia.

"Mtoto?" nikauliza.

"Nyuma huko, amelala fofofo," mama wa mandazi akaninong'oneza. "Usimguse utamwamsha."

Mwanamume akatokea kwenye mlango, anahema kwa sababu ya ngazi. "Habari zenu. Nimekuja kupima."

Mtu atasema, hapo si mngejua? Lakini watu wa kaunti nao hupima. Kuna mwaka walipima hata upana wa ngazi.

"Karibu, afisa, pima," mzee akasema.

"Niliambiwa huku juu kuna nyumba."

"Nyumba? Huku?" Mzee akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wakubwa. "Nani amekudanganya? Hii ni stoo, afisa wangu."

"Hakuna mtu anaishi hapa?"

"Hata panya wamehama."

Yule mtu akaangalia karatasi yake, akaangalia ukumbi, akaangalia karatasi tena. Nakumbuka uso wake. Alikuwa anatupa nafasi, maskini, na sisi hatukuiona. "Mzee, una uhakika?"

"Nimefanya kazi hapa miaka thelathini. Sijaona mtu akilala hapa hata siku moja."

Na hapo ndipo mtoto wangu akalia.

"Hiyo ni nini?"

"Paka," mama wa mandazi akadakia, bila hata kupepesa macho. "Amezaa huko nyuma. Tunamfukuza, anarudi."

Akanigeukia mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa nimelowa. Mtoto alilia tena na maziwa yakaanza kunitoka, nikavuta leso kifuani. "Ni paka?"

Nikaitikia.

Akapiga kile kitaa chake chekundu cha kupimia, ukuta mpaka ukuta, akaandika, akashuka. Tulipomsikia amefika uani, tulicheka! Mama wa mandazi alikaa chini kabisa. "Mzee, wewe ulipotea kuwa fundi, ungekuwa wakili!" Tukafungua kuta, tukawasha majiko. Mimi nilinyonyesha huku nacheka na wengine. Hicho kicheko ndicho kinaniuma kuliko hata paka.

Alhamisi tulikaa tumevaa vizuri mpaka jioni. Hakuna mtu alikuja.

Ijumaa wakili akamwita mzee. Alirudi na karatasi imeviringishwa, akaitandaza juu ya meza ya kukatia nguo. Ghorofa ya kwanza: nyumba tisa, kila moja na mistari yake, mlango wake, namba yake. Ghorofa yetu: sanduku moja refu tupu, na maneno ndani. Ghala. Mali ya wote.

Nilitafuta nguzo ya tano kwa kidole. Nguzo alikuwa amezichora, nukta nukta. Kati ya nukta ya tano na ya sita kulikuwa na karatasi nyeupe.

Habari zilishuka ngazi kabla yetu. Jioni hiyo mama mmoja wa ghorofa ya kwanza alinikuta kwenye bomba. "Mama Toto, asanteni," akaniambia. "Tulikuwa tunakosa mahali pa kuanika nguo mvua ikinyesha. Na huyo paka msijali, tutakuwa tunamwekea maziwa."

Nilimmwagia maji miguuni. Sijutii.

Juu kulikuwa na kelele tupu.

"Nani aligonga?" mzee akauliza, na alijua.

"Mimi."

"Mama Toto, kwani macho yako yalikuwa wapi? Mtu wa kaunti huja peke yake?"

"Na wewe je? Hata panya wamehama! Nani alikuambia useme mambo ya panya?"

"Nilisema kwa sababu uligonga!"

"Niligonga kwa sababu ndiyo mlinifundisha! Nikiwa darasa la kwanza mlinipiga makofi kwa kuchelewa na kibuyu!"

Mzee akaanza kuiviringisha ile plani. Ilikuwa kweli. Mimi nililelewa na ukumbi mzima, na kitu cha kwanza walichonifundisha, kabla ya a e i o u, ni kusema hakuna mtu hapa. Yule mpole wa unga wa Krismasi alipata kodi yake. Sisi tulipata ujuzi wa kutokuwepo. Na siku moja, siku moja tu katika maisha yetu yote, mtu alikuja kuandika kwamba tupo, tukamfukuza kwa ustadi.

Jumamosi asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa ofisi ya mpima. Iko juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa amevua helmeti, ana kipara, na alionekana mdogo kuliko siku ile.

"Niliuliza mara tatu," akaniambia kabla sijakaa.

"Ulikuja Jumanne!"

"Alhamisi nilipata kazi Kapsoya. Nilimpigia mwenyekiti wenu simu, mara nne. Hakushika."

Mzee hashiki simu ya namba asiyoijua. Wangapi kwetu wanashika? Hiyo pia ni kukunja.

"Mama, mimi naandika kile naona na kile naambiwa," akaendelea. "Nimeona magunia. Nimeambiwa hakuna mtu. Kulikuwa na paka."

Nikamfungua mtoto, nikamweka juu ya meza yake, katikati ya karatasi. "Paka ni huyu."

Akasogeza karatasi zake pembeni. Mtoto akachukua rula yake akaitia mdomoni.

"Ana meno?" akauliza.

"Mawili. Usihangaike na rula. Nirudishie nyumba yangu."

Nikamweleza yote, paipu, bawaba, magunzi. Ilimbidi ageuze uso dirishani, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Aliponigeukia alikuwa amefuta macho, na sauti yake ilikuwa ya kazi. "Ukuta unaotembea siwezi kuuchora. Hata nikitaka. Jumatatu asubuhi nitapita. Nikute kuta zimesimama, zimepigiliwa, na mwenye nyumba yuko ndani ya nyumba. Jumatatu mchana plani inaenda kuandikishwa, na ikishaenda sitaweza kuigusa."

Nilirudi nikidhani nimeleta habari njema.

Kumbe nimeleta vita. Kwa sababu kibali cha kubadilisha ghorofa yetu kutoka ghala kuwa makao kilikuwa bado kaunti, kinasubiri foleni yake. Mpaka kitoke, sisi bado ni mizigo. Tukipigilia kuta na wakaguzi waje kabla ya kibali, watatukuta tumesimama uchi, na notisi ya kuhama inaweza kubandikwa siku hiyo hiyo.

"Tungoje kibali kwanza," mama wa nguzo ya nane akasema.

"Plani inaenda Jumatatu!"

"Na wakija Jumapili?"

"Jumapili hawafanyi kazi."

"Na wakija Jumanne ijayo? Miezi mingapi tutakaa bila kukunja?"

Mama wa mandazi alikuwa ameshika ncha ya pazia lake jipya. "Mimi tangu niolewe nalala na komeo mkononi," akasema. "Nikipigilia huu ukuta, aki, sijui nitapata usingizi wapi."

Hata mimi niliogopa. Mtoto mgongoni, baba yake yuko barabarani na lori, siku nyingine simu inaingia, nyingine haiingii. Tukifukuzwa, niende wapi, Cheptiret kwa wajomba? Lakini nilikuwa nimeiona ile karatasi nyeupe kati ya nukta mbili. Nikashuka duka la vifaa, nikanunua misumari ya inchi nne, nikaazima nyundo. Nikaanza na ukuta unaokata dirisha, kati yangu na mama wa mandazi.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

"Nakuuliza sasa. Shika hapa isiende upande wako."

Akashika. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukaingia. Baada ya wa tatu nikasikia nyundo nyingine mbali, upande wa mzee. Jumapili waliotoka kanisani walikuta ukumbi mzima unapigwa nyundo, na wa ghorofa ya kwanza wanalalamika vumbi linaanguka kwenye chai yao. Mzee alizing'oa bawaba zake, lakini hakuzitupa. Alizitia kwenye mkebe wa vifungo. "Huwezi jua," akasema. Sikumcheka.

Jumatatu tulikubaliana: hakuna mtu kushuka, hakuna mtu kugonga. Kila mtu akae ndani ya nyumba yake kama watu wa kawaida. Hakuna kitu kigumu kama hicho. Nilikaa kitandani. Nikasimama nikapanga vikombe. Nikakaa. Mtoto alikataa uji.

Yapata saa nne, paipu ikagongwa. Mara tatu.

Mpaka leo hatujui ni nani. Labda mtu wa ghorofa ya kwanza alikuwa anatucheza, labda ni mkono wa mtu ambao hauwezi kuacha. Nilisikia familia zote kumi na moja zikisimama. Upande wa pili wa plaiwudi godoro lilivutwa. Mbali kidogo kulikuwa na sauti ya mbao inayolia, ni mzee anausukuma ukuta wake kwa mabega, ukuta uliopigiliwa, anausukuma na hauendi popote.

"Kaeni!" nikapiga kelele. "Mzee, wacha ukuta! Kaeni chini!"

Miguu ikaanza kupanda ngazi. Si ya mtu mmoja. Mpima angekuja peke yake, na wakaguzi huja wawili. Nikafikiria hilo, na miguu inapanda. Hakukuwa na kitu cha kukunja. Nikakaa kitandani, nikamtoa mtoto mgongoni, nikamnyonyesha, ili yeyote anayekuja anikute hivyo hivyo.

Mlangoni alikuwa mpima. Nyuma yake binti wa mwenye jengo, ameshika viatu vya visigino mkononi. Nikamsikia mpima anaanza kwa mzee, kisha nguzo ya pili, ya tatu. Anagonga kila ukuta kwa ngumi. Mwishowe akasimama kwangu.

"Nani anakaa hapa?"

Mdomo wangu ulianza wenyewe. "Haku..." Nikameza. Naapa ilitaka kutoka yote. "Mimi," nikasema. "Mimi na mtoto wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka mitatu."

Akaandika. Akawasha kitaa chake, na nukta nyekundu ikatua kwenye ukuta wangu, juu tu ya ule msumari uliopinda. Mtoto akaachia ziwa, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili kuikamata.

"Si nilisema ni paka," mama wa mandazi akaniambia kupitia plaiwudi.

Hapo nilicheka, na nikalia, vyote pamoja, na mpima akajifanya anahesabu.

Plani ilienda mchana ule. Mzee ana nakala yake, na nimeiona: ghorofa ya juu ina mistari sasa, na kati ya nukta ya tano na ya sita pameandikwa kumi na nne. Sahihi ya binti iko chini. Kibali cha kaunti bado hakijatoka. Kila nikiona reflekta ya manjano langoni, mikono yangu inatafuta jiwe, na kila siku naiosha tu nepi niliyoshika. Kwenye ule msumari uliopinda nimetundika sweta ya mtoto. Wakija, watatukuta.